Mchwa wa Chumba cha Prufu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo cha Wakunga, Mkurugenzi wetu, wakuu wa idara, ndugu zangu wapangaji wa kurasa, mafundi mitambo, wajalidi wa vitabu na madereva, watoto na wajukuu wa Bi Nukta, wageni wote mliokubali kukalia viti vya kuazima na vingine ambavyo, naona kutoka hapa, ni marobota ya karatasi yaliyofunikwa vitambaa, na wewe shangazi yangu wa safu ya pili, uliyeniambia niongee kwa sauti na nisiangalie chini: shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Nasimama mbele yenu nikiwa nimeshtuka. Naomba nilikiri hilo mapema, kwa sababu karatasi hizi zinatetemeka karibu na kipaza sauti na mnasikia, na sitaki mdhani ni woga wa kuhutubia watu. Woga huo ninao, lakini ni mdogo, ungepona kwa maji baridi. Mshtuko ninaousema nimeubeba wiki saba sasa. Naamka nao, nachana nywele nao, nakuja nao kazini.

Nimepewa maagizo mawili kuhusu hotuba hii. Jumatatu, Mkurugenzi aliniita akaniambia, "Dakika kumi, binti. Sifa tupu. Watu wacheke, tumuage mama vizuri." Jumatatu hiyo hiyo Bi Nukta aliniambia, "Ukinisifu kwa uongo nitakusimamisha hapo hapo mbele za watu, na unanijua." Nawajua wote wawili. Mkurugenzi anaweza kunifukuza kazi, na Bi Nukta anaweza kunikata katikati ya sentensi. Nimepima kwa siku nne, na kwa heshima zote, Mkurugenzi, ninayemwogopa zaidi ni yeye.

Nyuma yangu pametundikwa bango. Linasema: "Miaka thelathini na moja bila kosa hata moja." Ni bango zuri na rangi zake zimekaa vizuri. Lakini halikupita chumbani kwetu, maana lingepita lisingetundikwa. Kosa lipo. Ni moja, liko kwenye kitabu, na kitabu kilishatoka. Bi Nukta anastaafu leo, na kinachoamuliwa hapa ni jina lake: liondoke safi kwa sababu tumenyamaza, au liondoke safi kwa sababu tumesema? Yeye amechagua, na mimi nimetumwa.

Kwa wageni wasiotujua, chumba cha prufu kiko mwisho wa ujia, baada ya stoo ya wino, na ukifungua mlango kwa haraka unagonga kiti cha mtu. Mna meza mbili zinazotazamana, dirisha moja, feni inayozunguka kama imelazimishwa, na rafu za miswada. Mwandishi akileta mswada wake, wapangaji wanaupanga kwenye kurasa, na kurasa hizo za majaribio, ambazo ndizo prufu, zinaletwa kwetu kabla hazijaenda mtamboni. Mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anafuata kwa kidole kwenye karatasi ya pili, na pale sauti na kidole vinapoachana, hapo pana kosa. Tunasoma kila kitu kilichopo, pamoja na vituo: mkato, nukta, alama ya kuuliza, herufi kubwa, aya mpya, fungua mabano, funga mabano. Ukipita ujiani utadhani mna watu wawili waliochanganyikiwa kwa pamoja.

Bi Nukta alipata jina lake humo. Miaka ilipozidi, vituo vilimganda ulimini. Siku moja alimwambia mpishi wa kantini, "Nipe maharage mkato chumvi kidogo nukta," na mpishi akauliza mkato ni kiungo gani na kinauzwa wapi.

Mimi naitwa Mchwa, yule mdudu mla karatasi. Nasikia mnacheka huko nyuma upande wa mitambo, cheka tu fundi, wewe ndiye uliyenipa. Lakini hukujua kwamba shuleni pia niliitwa Mchwa, na mtaani pia, na kwamba nilipofika hapa siku ya kwanza nikiwa nimejiapiza kuanza maisha mapya, wewe ulinitazama kwa dakika moja, bila kuambiwa na mtu, ukasema, "Huyu ni mchwa." Nililia chooni siku ile. Leo nakwambia ili ujue, si ili ujute.

Nilikuwa naona haya. Je, yupo mwingine humu aliyewahi kuona haya kwa sababu ya kusoma? Nawauliza kwa dhati. Kwenye sherehe ya binamu yangu, watu wakiwa wanacheza nje, shangazi alinikuta stoo nimekaa juu ya kreti la soda nasoma kijitabu cha maelekezo ya cherehani, kwa kuwa hakukuwa na kitabu kingine ndani ya nyumba ile.

"Wenzako wanacheza, wewe unasoma cherehani?"

"Nasoma maelekezo, shangazi."

"Kwani unayo cherehani?"

"Sina."

Shangazi alikaa chini kwenye kreti la pili. Aliniambia kwamba macho yatakwisha, na nikipofuka kwa sababu ya karatasi nisimwite aje kunishika mkono. Alisema kwa upendo, na alisema kwa nguvu, na wageni watatu walisikia. Tangu hapo nikajifunza kuficha. Nikiulizwa nafanya kazi gani, nasema niko kiwandani, upande wa ubora. Kijana mmoja mzuri wa tabia aliniuliza napenda kufanya nini wakati wa mapumziko, nikamjibu napenda kuogelea. Sijui kuogelea. Alinialika tukaogelee.

Kumbe nilifika kwenye chumba kile kwa sababu ya kitu hicho hicho nilichokuwa nakificha. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilisoma kitabu cha jiografia cha shule, nikakuta kimejaa makosa, nikayaorodhesha yote kwa namba, makosa sitini na manne, nikaituma orodha kwenye kiwanda hiki pamoja na barua kali. Baada ya wiki mbili likaja jibu kwa mwandiko wa kalamu nyekundu. Liliniambia kwamba kitabu kile hakikuchapwa hapa bali kiliuzwa tu na duka letu, na kama ningesoma ukurasa wa pili kwa makini kama nilivyosoma mito na milima ningeligundua hilo. Kisha likaendelea: "Hata hivyo makosa yako sitini na sita. Umekosa mawili. Njoo."

Nilikuja. Siku ya kwanza nilimwambia Bi Nukta, "Samahani, mimi huwa nasoma sana."

Akaniuliza, "Samahani ya nini? Umemkanyaga nani?"

Hapo ndipo nilipopata mahali pa kwanza duniani ambapo niliweza kuingia asubuhi nikasema, "Jana nimesoma kamusi, herufi K yote," na mtu akaweka kikombe chini akasema, "Haya, umeona nini?" Mnaelewa ni kitu gani hicho kwa mtu aliyezoea kuulizwa kama anaumwa? Kwa miaka mitano tulikaa tunatazamana, yeye akisoma kwa sauti na mimi nikifuata kwa kidole. Mwaka jana mvua zilipoanza alisema koo lake limechoka. "Tubadilishane. Wewe soma prufu kwa sauti, mimi nitafuata kwenye mswada." Tukabadilishana. Sikuwaza lolote.

Sasa nifike kwenye Jumanne ile, wiki saba zilizopita, saa tatu na nusu asubuhi. Tulikuwa tunasoma kitabu cha ufugaji wa nyuki. Mimi nilikuwa na prufu, yeye alikuwa na mswada mapajani, kidole chake kikienda mstari kwa mstari kama siku zote. Nikasoma: "Kisha fungua mfuniko taratibu mkato ukiwa umesimama nyuma ya nukta."

"Rudi," akasema. "Nyuma ya nini? Umeruka mzinga."

"Sijaruka, Bi Nukta. Haumo."

"Basi uweke."

Nikauweka. Ndipo mlango ukagonga kiti changu, akaingia fundi mitambo.

"Bi Nukta, mswada wangu wa Hesabu Darasa la Nne umeuficha wapi? Nautafuta tangu asubuhi."

"Uko rafu ya pili, baba."

"Rafu ya pili kuna nyuki."

"Wa nyuki ninao mimi."

Fundi akainama, akachungulia mapajani mwake, akaangua kicheko. "Mama! Hicho ulichoshika ni kugawanya kwa tarakimu mbili!"

Bi Nukta naye akacheka, akasema uzee huo, akampa mswada wake. Fundi akatoka akicheka, na kabla ya chai kiwanda kizima kilikuwa kimeshacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeganda na kalamu mkononi, kwa sababu mzinga ulikuwa umekosekana kweli, na mswada wenye mzinga ulikuwa rafuni. Alikuwa amelikamata kosa kwa kufuatisha nini? Mafungu ya kugawanya?

Nikamuuliza, "Tangu lini?"

Hakujifanya hajaelewa. "Tangu mvua za mwaka jana."

"Unaona nini sasa hivi?"

"Naona dirisha. Nikijitahidi naona umevaa kitu chekundu."

"Nimevaa bluu, Bi Nukta."

"Basi sioni," akasema.

Daktari anaiita presha ya macho. Huingia kimya kimya, hula pembeni kwanza, na mwenyewe hushtuka pakiwa pamebaki tundu tu la kuonea katikati. Na shangazi, kwa kuwa umekuja, nisikie vizuri: nilimuuliza daktari mara tatu, akajibu mara tatu, hailetwi na kusoma.

Lakini ndugu zangu, kilichonishtua zaidi hakikuwa macho yake. Yalikuwa macho yangu. Mimi ni mtu ninayeweza kuona mkato uliokaa vibaya kutoka upande wa pili wa chumba. Nimewahi kumsimamisha mchoraji mabango barabarani kwa sababu ya herufi moja. Na kwa mwaka mmoja na zaidi nilikaa hatua mbili kutoka kwa mwanamke aliyekuwa anapofuka, nikitazamana naye saa nane kwa siku, na sikumwona. Sahihi yake chini ya prufu ilikuwa imeanza kupanda, ikakanyaga mstari wa mwisho, ikakanyaga na wa juu yake, na mimi niliyeiona kila siku nilidhani ana haraka. Alikuwa akipapasa ukingo wa meza kabla ya kuweka kikombe. Alikuwa ameacha kunisifia nguo. Nilisoma kila kitu kilichokuwa chumbani isipokuwa yeye. Watu wanaotucheka sisi wapenda vitabu husema hatuoni watu kwa sababu ya karatasi, na kwa maisha yangu yote nimekataa. Siku ile sikuwa na cha kukataa.

Nilimuuliza alikuwa anayajuaje makosa. Akaniambia, "Nilipokuwa naona, nilisoma herufi. Macho yalipoondoka, nikaanza kusikia sentensi. Sentensi ikiwa na kilema, inachechemea. Naisikia."

"Na mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angenisomea?"

Mwanamke huyu hakuwa akishikilia mshahara, wala kiti. Alikuwa anaona mwisho wa kusoma unakuja, na akanigeuza mimi kuwa macho yake bila kuniomba, kwa kuwa aliona aibu kuomba. Aibu ile ile niliyoingia nayo mlangoni kwake! Alinitibu mimi, naye akabaki nayo. Ningejua, ningemsomea mpaka sauti ikauke.

Alipokwisha kusema hivyo aliniuliza swali la kikazi. "Vingapi vimetoka tangu tubadilishane?"

Nikahesabu. "Kumi na moja."

"Vyote nilivisikiliza," akasema. "Sikuvifuata hata kimoja. Nenda ukavisome upya na miswada yake. Mimi sitalala mpaka umemaliza, kwa hiyo usikawie."

Kazi hii haifanywi na mtu mmoja, na sikutaka kumwambia mtu wa kiwandani kabla sijajua ukubwa wa jambo. Nikaenda kwa mtu pekee aliyekuwa na nafasi ya alasiri na midomo isiyochoka. Shangazi yangu, simama kidogo watu wakuone. Anakataa. Basi mtazameni tu, huyo mwenye kilemba cha kijani. Alikaa nami sebuleni kwake Jumamosi na Jumapili, na alasiri za siku nyingine, yeye akisoma mswada kwa sauti, mimi nikifuata kwenye kitabu kilichochapwa.

"Hii nukta mkato nayo isomwe?"

"Isomwe, shangazi."

"Yenyewe haijulikani inataka kusimama au kuondoka."

Alilalamika kitabu cha kwanza chote. Kitabu cha pili alilalamika nusu. Kitabu cha tatu, ambacho kilikuwa hadithi, alinifokea nilipomwambia tupumzike tule. Kufikia cha tano alikuwa anaweka vituo hata kwenye simu. Vitabu sita vikapita, navyo vilikuwa safi. Nawaambia safi! Mwanamke asiyeona alisikiliza vitabu sita na hakikupita kitu, na nilianza kufikiri kwamba pengine tumeokoka, kwamba pengine ningerudi kwake kumwambia sikio lake ni bora kuliko macho ya watu kumi.

Cha saba kilikuwa Mwongozo wa Mkunga.

Shangazi akasoma: "Mpime mama joto na mapigo ya moyo kila baada ya saa nne nukta."

Nikasema, "Rudi."

"Kila baada ya saa nne nukta."

"Huku ni nane."

"Mimi nimesema nne."

"Najua. Huku kumechapwa nane."

Shangazi amezaa watoto wanne. Aliuweka mswada mapajani, akavua miwani. "Nane? Mtu aliyetoka kujifungua aachwe saa nane hajaguswa? Ni nani waliokipitisha kitabu hiki?"

Nikamwambia, "Mimi, shangazi. Mimi na Bi Nukta."

Ndugu zangu, mnaona lilivyopita? Mpangaji aliteleza herufi moja, na hiyo si dhambi, ndiyo maana sisi tupo. Nikalisoma kwa sauti kama lilivyo, saa nane, wala sikushtuka. Na sentensi haikuchechemea. Haikukosa neno, haikukwaruza sikio, ilikuwa na afya tele kuanzia herufi kubwa hadi kituo cha mwisho, na ilikuwa ya uongo. Sikio lisingeweza kuikamata. Ilihitaji mtu mwenye macho kwenye mswada, na mswada, Mungu anajua, siku ile ulikuwa rafuni. Nakala elfu tatu zilikuwa zimetoka miezi mitano kabla.

Vitabu vinne vilivyobaki tulivimaliza, navyo havikuwa na kitu. Nikaenda kumwambia. Sikujua nianzie wapi, akanisaidia.

"Ukurasa?"

"Themanini na moja."

"Mstari?"

"Wa sita."

"Badala ya nini?"

"Nane, badala ya nne."

Alipapasa kalamu yake nyekundu, akaifunika kifuniko. Kisha akasimama akaenda kwa Mkurugenzi. Nilimpa mkono wangu akaukataa, akapita ujia wote ameshika ukuta.

Mkurugenzi, naomba uniwie radhi kwa haya, lakini ulitenda kama mtu mwenye huruma na sitaki watu wasijue. Ulishtuka kuliko mimi. Ulimkalisha kwenye kiti chako. Na ulisema, kwa sababu ulitaka kumlinda, "Tutaandika kwamba ni kosa la mtambo." Akaitwa fundi mitambo, na fundi, ambaye leo amecheka kuliko wote humu, siku ile alisema maneno ambayo sitayasahau: "Mkubwa, mtambo unachapa unachopewa. Mama huyu ndiye aliyenifundisha hivyo mimi."

Bi Nukta akasema, "Chukua karatasi uandike. Karatasi ya masahihisho, iwekwe kwenye kila nakala. Kosa si la mwandishi, wala la mtambo. Kosa ni la msomaji. Mmoja. Ndiye mimi."

Halafu akaomba simu. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe unayeongoza Chuo cha Wakunga, ulikuwa upande wa pili wa simu ile. Alikueleza yote, pamoja na macho yake, bila kupunguza. Wewe ukauliza, "Mmelijuaje?" Naye akajibu, "Tulisoma tena."

Wiki iliyofuata tulipiga simu kila palipofika kitabu kile. Baadhi ya walimu wa wakunga walishaliona, wakalisahihisha kwa kalamu, wakaendelea na kazi zao. Wengine walikuwa hawajaliona. Hadi leo hakuna aliyetuletea habari ya madhara, na nimeshukuru kwa hilo kila siku. Lakini kutoletewa habari si sawa na kujua, na sitasimama hapa mbele yako nikajifanya najua.

Basi nimejiuliza, wiki hizi saba: kuna cha kujivunia hapa? Mtu anayejua herufi K yote ya kamusi, ambaye alimtazama rafiki yake akipofuka na akasoma kwa sauti nzuri isiyo na wasiwasi nambari iliyoweza kumdhuru mzazi, ana haki gani ya kunyanyua kichwa? Nilitaka kuacha kazi. Niliandika barua ya kuacha kazi, na niliandika vizuri. Nikampelekea Bi Nukta nimsomee, kama tulivyozoea. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haina kosa. Na haina maana. Wewe unataka kuacha kusoma kwa sababu ulisoma vibaya? Soma vizuri!"

Ninachojua ni hiki. Kwa mtu wa kawaida, kitabu kikishatoka, kimetoka. Alikuwako kwenye jengo hili mtu mmoja asiyeona ambaye hakuweza kuvumilia kwamba kurasa elfu mbili na mia tatu zilipita bila kufuatwa kwa kidole, na alikuwako mwingine aliyeona ni jambo la kawaida kabisa kuzibeba nyumbani na kuzianza upya. Sisi ndio tunaochekwa. Sisi ndio tunaosoma maelekezo ya cherehani ambazo hatuna. Kama kasoro hii ndiyo iliyolipata kosa lile kabla ya mwaka mwingine kupita, basi naikubali, naivaa, na kijana yule wa kuogelea, popote alipo, ajue nilimdanganya.

Bi Nukta, nimekaribia mwisho. Uliniagiza niisome karatasi ya masahihisho hadharani, kwa utaratibu wa chumbani, na vituo vyake. Hii hapa, ilitoka mtamboni jana mchana.

"Masahihisho, aya mpya. Mwongozo wa Mkunga mkato ukurasa wa themanini na moja mkato mstari wa sita nukta. Badala ya saa nane mkato soma saa nne nukta. Kosa si la mwandishi mkato wala la mtambo nukta. Kosa ni la wasomaji nukta."

Naam? … Ndugu zangu, nimesimamishwa. Nilijua nitasimamishwa.

Anasema nirudi.

"Kosa ni la wasomaji nukta."

Anasema yeye alisema msomaji. Anasema nimeongeza watu.

Sijaongeza, Bi Nukta, nasoma kilichoandikwa. Wewe ulikuwa umeshika hesabu za darasa la nne, lakini aliyefungua mdomo akasema saa nane ni mimi, na macho nilikuwa nayo. Tulikuwa wawili chumbani. … Hapana. Hapana, hairudi, usininyooshee kidole. Imeshachapwa. Nakala elfu tatu na za ziada, ziko kwenye boksi pale mlangoni, fundi amezikata mwenyewe kwa mkono wake na kila mgeni atapewa moja akitoka, na kuanzia kesho asubuhi mimi na shangazi tunazipeleka chuo kwa chuo, tunazibandika ukurasa wa themanini na moja.

Unacheka? Ndugu zangu, anacheka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi, wageni wote: mimi ni msomaji. Ndiyo kazi yangu na ndiyo tabia yangu. Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu mpaka kituo cha mwisho.